Mathe wa geti ana cheti, lakini trei inakaguliwa na nani?

Kengele ya breki ikilia katika shule nyingi za Kitui na Makueni, soko linafunguka getini. Mandazi, smoki, krisps za pakiti ndogo, barafu za rangi, mabuyu mekundu yanayoacha ulimi kama umepakwa lipstiki. Mwanafunzi akiwa na shilingi 20 tu, hakosi kitu.

Sasa swali: nani anaamua kiuzwe nini hapo?

Sheria ya Kenya inamwangalia muuzaji. Anayewauzia watu chakula anatakiwa awe na cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi 6. Anapimwa magonjwa ya kuambukiza kama taifodi. Hiyo ni poa, hakuna anayetaka kuendesha darasani. Lakini cheti hicho hakisemi lolote kuhusu sukari, chumvi wala mafuta. Mikono inaweza kuwa safi kabisa na trei bado ikawa mbaya.

Hebu tupige hesabu. Soda ya kola ya mililita 300 ina karibu gramu 32 za sukari, yaani vijiko 8 vya chai. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula kila siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000, hiyo 5 ni gramu 25. Chupa moja tu, na umeshapita.

Ukambani hii si stori ya unene pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 (KDHS) ulipata kwamba asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka 5 Kitui walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 26. Watoto hao hawakupotea. Wamekua, na wengi ndio hao wanaopanga foleni breki. Mwili ulioanza maisha na upungufu unadai protini, madini ya chuma na vitamini. Ukiupa krisps na maji ya rangi, tumbo litanyamaza lakini deni liko palepale.

Kuna shule zinazodhani dawa ni kumfukuza mathe wa geti. Anafukuzwa Jumatatu, Jumanne anauza kupitia ua. Halafu ndani ya shule hiyohiyo kantini inauza soda na biskuti, na faida inabaki shuleni. Hapo mmekataza mama wa mandazi, hamjakataza sukari.

Wenzetu walianza na bidhaa yenyewe. Chile, tangu 2016, chakula chenye alama nyeusi ya kuzidi sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori hakiuzwi shuleni. Mexico nayo ilipiga marufuku vyakula vya aina hiyo shuleni Machi 2025. Kanuni haiulizi nani anauza, inauliza anauza nini.

Lakini kanuni ya kukataza tu haitatosha huku kwetu. Mtoto mwenye njaa saa nne atakula kitu, upende usipende. Kwa hivyo orodha ya vilivyokatazwa lazima itembee na orodha ya vinavyoruhusiwa, na hapo Ukambani hatuna shida. Msimu mkuu wa maembe Makueni ni kati ya Desemba na Machi, shule zikiwa zimefunguliwa Januari. Wakati huo broka ananunua embe kwa bei ya kutupa na mengine yanaoza chini ya mti, huku mtoto akinunua juisi ya unga yenye picha ya embe. Picha, msee! Kitui nayo inaongoza nchini kwa ndengu. Mibuyu imejaa Kibwezi, na buyu lisilopikwa kwa sukari na rangi lina vitamini C ya kutosha.

Na nani atauza embe lililokatwa, njugu, ndengu za kuchemsha, mayai na viazi vitamu? Mathe yuleyule wa geti. Ana wateja, anajua bei ya mtoto, na karo ya wanawe inatoka kwa trei hiyo. Bodi ya shule ikimwita, ikampa orodha na nafasi ndani ya ua, inapata mtu wa kuwajibika. Ikimfukuza, inapata adui kwenye ua.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Haki hiyo haiishii kwa sahani ya isyo ya saa saba. Mkutano wa wazazi ukiitwa tena, kabla ya kuuliza alama za mtihani, uliza kantini inauza nini. Kama jibu ni soda na biskuti, dai orodha mpya hapohapo, na umwite mathe aje aisikie.