Biashara ya msiba: kila mtu ana fungu, ila mfiwa

Lamu huiuzia Nairobi kambamti, korosho na, kila damu inapomwagika, vilio. Hivi vya mwisho ndivyo hufika mapema zaidi. Havihitaji barafu wala lori. Simu na bando vinatosha.

Soko hili lilionekana wazi baada ya Jumapili ya tarehe 15 Juni 2014, mji wa Mpeketoni, Lamu, uliposhambuliwa usiku wa mechi za Kombe la Dunia na watu zaidi ya 60 kuuawa kwa siku mbili. Wajane walihojiwa mbele ya nyumba zilizoteketea, na sura zao zikaingia kwenye taarifa ya saa moja usiku, ambayo ni kati ya nafasi ghali za matangazo katika televisheni ya Kenya.

Linganisha na Judith Tebbutt, Mwingereza aliyetekwa Kiwayu, pia Lamu, Septemba 2011, mumewe David akauawa. Aliachiwa Machi 2012, na mwaka 2013 akachapisha kitabu, A Long Walk Home. Aliamua mwenyewe aseme lipi na anyamazie lipi, na jina lake likawa juu ya jalada. Msiba wake ulibaki mali yake. Mjane wa Mpeketoni aliulizwa maswali akiwa hajamaliza kuzika.

Mwandishi wa mashinani si wa kulaumiwa peke yake. Mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotumika, hana mshahara. Nauli ya boti kutoka Mokowe, bara, hadi kisiwani Lamu aghalabu hutoka mfukoni mwake, na mhariri wa Nairobi anataka mtu anayelia, si mtu anayeeleza. Asipoleta kilio, habari hukaa.

Siku hizi kuna pia wenye chaneli za YouTube, na hapo hesabu ni rahisi zaidi. Ukifikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, unaweza kuomba kulipwa, na kwa video ndefu mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Mama anasimulia kifo cha mwanawe kwa dakika arubaini, kisha mwishoni inawekwa namba ya M-Pesa. Nakiri namba hiyo imewahi kulipa bili za hospitali na karo. Lakini ule ni mchango wa watazamaji. Fedha za matangazo ni za mwingine.

Kanuni za uandishi zilizowekwa katika Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilionya juu ya kuwaingilia waliofiwa. Lamu ina kanuni kongwe kuliko hizo: wanaume huketi barazani, jamaa huja kuhani, hitima husomwa, wanawake wako ndani, na mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mlango wa ndani haupitwi na mgeni. Kwa kamera, ule mlango ndio wenye thamani.

Basi alipwe mfiwa? Tahadhari. Mwaka 2022 BBC ilichunguza familia za kambini Syria zilizokuwa zikiomba zawadi mubashara kwenye TikTok. Katika zawadi ya majaribio ya dola 106, baada ya makato ya TikTok, ya duka la fedha na ya dalali, familia ingebakiwa na dola 19. Fedha zikiingia, madalali huingia nazo, na kilio hugeuka kazi ya kila siku.

Ninachokiona cha haki ni kidogo na kinatekelezeka: mahojiano marefu yangoje tanga lianuliwe, ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, mfiwa awe na haki ya kuiondoa video, na ikiingiza fedha, fungu lake lijulikane kabla kamera haijawashwa. Na wabunge, wakiombwa kuyaweka haya katika sheria, wasidai kwamba mapato haya hayahesabiki. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, kwa hiyo Serikali tayari inalo fungu lake katika kilio hicho.