BEI DIRA YA PAMBA: JE, INALIPIKA?

Kila msimu wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, swali la kwanza Bariadi huwa ni hili: bei dira ni shilingi ngapi? La pili, ambalo huulizwa na wachache, ni kama bei hiyo inalipika.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kilo 3 za pamba mbegu zikichambuliwa hutoa takribani kilo 1 ya nyuzi. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu, nazo huuzwa kwa wakamuaji wa mafuta. Bei ya nyuzi katika soko la dunia hutajwa kwa senti za dola kwa ratili, na kilo moja ni ratili 2.2.

Tuchukue msimu wa 2019. Bei iliyotangazwa ilikuwa Sh. 1,200 kwa kilo. Maana yake ni kwamba kilo moja ya nyuzi ilimgharimu mnunuzi Sh. 3,600 kabla hajalipia usafiri, uchambuaji, ushuru na riba ya benki. Msimu ulipoanza, bei ya dunia ilikuwa karibu senti 80 kwa ratili, yaani kama Sh. 4,050 kwa kilo, dola ikiwa Sh. 2,300. Ilipofika Agosti ilikuwa karibu senti 70, sawa na Sh. 3,540. Hata ukijumlisha fedha ya mbegu, nafasi iliyobaki ilikuwa finyu mno.

Yaliyofuata wakulima wa Simiyu wanayakumbuka. Wanunuzi walisita, pamba ikarundikana kwenye maghala ya AMCOS, na wengi walioikabidhi walisubiri malipo kwa miezi. Tangazo lilisema Sh. 1,200, lakini ada ya shule hailipwi kwa stakabadhi. Msimu wa 2020 bei ilianguka hadi Sh. 810.

Kosa la pili ni la mkulima mwenyewe, na hapa hatuwezi kumlaumu mnunuzi wala serikali. Mwaka 2022 bei dira ilikuwa Sh. 1,560. Mtu akivuna kilo 300 kwa ekari anapata Sh. 468,000, na kishawishi cha kuongeza ekari mwezi Novemba ni kikubwa. Mwaka 2023 bei dira ikawa Sh. 1,060. Kilo zilezile 300 zikaleta Sh. 318,000, na gharama za palizi na dawa hazikupungua kwa sababu hiyo.

Dalili zilikuwapo. Mei 2022 bei ya dunia ilizidi senti 150 kwa ratili; kufikia Novemba, wakati wa kuamua pamba ipewe ekari ngapi na dengu ngapi, ilikuwa karibu senti 100. Mwenye simu yenye intaneti angeweza kuiona siku hiyohiyo. Bei dira mpya ilikuja miezi 6 baadaye, shamba limekwisha kupandwa.