Uvumi Huja kwa Sauti ya Jamaa

Tarehe 3 Aprili 2020, Profesa Jean-Jacques Muyembe, bingwa wa maradhi ya Ebola aliyekabidhiwa pia vita vya korona nchini Kongo, alitamka mjini Kinshasa kwamba nchi yake iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Na kwa kuwa siku mbili tu kabla yake madaktari wawili wa Kifaransa walikuwa wamezungumza katika televisheni juu ya kufanyia majaribio Afrika, kauli yake ilizua ghadhabu mitandaoni, hata akalazimika kufafanua kwamba chanjo haitatolewa Kongo kabla ya kujaribiwa kwingineko.

Lakini ufafanuzi hutembea kwa Kifaransa cha maandishi, ilhali uvumi hufika Kipushi, mji wa machimbo ya zinki mpakani mwa Zambia, kwa sauti ya mama mkubwa: dakika moja ya Kiswahili katika WhatsApp, yenye salamu mwanzoni na wasia mwishoni, "wafikishie wengine". Nani atamtaka mama mkubwa ushahidi? Basi mpokeaji, huku sufuria ya kujifukiza inachemka jikoni, huupeleka mbele kwa huruma, wala si kwa hila. Mwanzoni mwa janga, ujumbe uliweza kupelekwa kwenye makundi matano kwa mara moja, kila kundi likiwa na watu hadi 256. Yaani zaidi ya watu 1,200 kwa mguso mmoja wa kidole.

Wala simu si mzazi wa uvumi. Enzi za Wabelgiji, jimbo la Katanga, ulipo mji wa Kipushi, lilikuwa na hofu ya batumbula, waliosadikiwa kuteka watu usiku kwa ajili ya Wazungu. Ng'ambo ya mpaka wakiitwa banyama, na huko pwani mumiani. Mimi sithubutu kuyaita hayo ujinga mtupu, kwani watu ambao miili yao ilitumikishwa machimboni bila hiari hawakosi sababu ya kumshuku ajaye na sindano.

Tarehe 2 Machi 2021 Kongo ilipokea dozi zipatazo 1,700,000 za chanjo ya AstraZeneca. Serikali ikaahirisha kuzitoa, kwa tahadhari iliyotoka Ulaya juu ya kuganda kwa damu, na kusubiri huko kukawa shamba la wavumishaji. Chanjo ilipoanza tarehe 19 Aprili, waliojitokeza walikuwa wachache. Dozi zipatazo 1,300,000 zikapelekwa nchi nyingine kabla muda wake haujaisha.