TELA LA ZAMANI LAWEZA KUBEBA TENA



Huenda hapo kijijini kwenu kuna tela la zamani. Lilikuwa likikokotwa na gari. Gari lilikufa, tela likabaki. Leo limelala chini ya mwembe na kuku wanatagia humo. Wakati huo huo akina mama wanabeba maji kichwani, na mahindi yanangoja shambani kwa kukosa usafiri.

Tela hilo laweza kutengenezwa likakokotwa na maksai wawili. Lakini wengi hukosea. Hununua rangi kwanza. Tela linang'aa, watu wanalisifu. Safari ya tatu, gurudumu linachomoka! Uhai wa tela uko chini. Basi tuanzie chini.

1. MAGURUDUMU

Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu moja. Inua upande wa pili kwa jeki, kisha egemeza ekseli juu ya gogo imara. Usiingie kamwe chini ya tela linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza.

Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Fungua. Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikauke, uzitazame juani. Yenye vishimo au alama za kuungua, itupe. Iliyo nzima, ipake grisi mpya mpaka iingie ndani kabisa.

Mtu atasema, "Grisi ya nini bwana? Mimi natia oili chafu." Oili chafu ina vumbi la chuma, nayo huvuja upesi. Utakula hasara.

Rudisha gurudumu. Kaza nati huku unalizungusha mpaka liwe zito. Kisha legeza nati kidogo. Gurudumu lizunguke vizuri bila kucheza. Funga nati kwa pini mpya. Msumari si pini.

2. CHUMA

Kwangua kutu kwa brashi ya waya, kisha gonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, au hutoboka. Tazama sana mahali mkono wa mbele unapoungana na tela. Ufa hujificha hapo. Ukiuona, mwite fundi wa kuchomelea.

Mkono wa tela la gari ni mfupi kwa ng'ombe. Urefushe kwa boriti ya mti mgumu, ipite katikati ya maksai hadi kwenye nira. Ifunge kwa bolti.

Halafu chukua kamba. Pima kutoka ncha ya boriti hadi gurudumu la kulia, kisha hadi la kushoto. Urefu uwe sawa. Usipokuwa sawa, tela litakwenda upande, matairi yatalika na ng'ombe watachoka bure.

3. BREKI

Hapa ndipo penye kufa na kupona. Gari lina breki zake, ng'ombe hana. Kwenye mteremko, tela lenye mzigo huwasukuma maksai kwa nyuma. Wakianguka, linawapanda wao na mwongozaji.

Funga gogo la mti mgumu nyuma ya matairi, livuke kutoka tairi hadi tairi. Liunganishe na mkono wa chuma. Ukiuvuta, gogo libane matairi yote mawili. Jaribu kwanza bila mzigo.

4. MZIGO

Ukipanga mzigo wote mbele, shingo za maksai zinaumia. Ukipanga wote nyuma, nira inainuka na kuwakaba. Weka mzigo mzito juu ya ekseli, na mbele kuzidi nyuma kidogo tu.

Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima. Huo ni mzigo mkubwa kwa maksai wawili, hata kwenye njia tambarare. Kwenye mchanga, tope au kilima, punguza hadi nusu.

Sasa paka rangi. Nyuma weka vioo vyekundu vya kuakisi taa, mbele vyeupe, ili dereva akuone usiku.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tusianze na rangi?
2. Kamba inatusaidia kujua nini?
3. Je, matela na mikokoteni ya kijijini kwetu ina breki? Kama haina, tutaanza lini?