Dakota: Ngamia wa Chuma Aliyepita Kando ya Meru na Kilimanjaro

Baba mmoja wa Ngarenaro, mjini Arusha, alitujia baada ya sala ya Isha akiwa na shauri. Mwanawe, kijana wa miaka 14, amebandika ukutani picha ya eropleni ya vita, ya rangi ya majani makavu, yenye mistari myeupe na myeusi mabawani. Siku asizokwenda chuoni, kijana huyu husimama kando ya uwanja wa ndege wa Arusha, kwenye barabara iendayo Dodoma, akizihesabu ndege ndogo ziwachukuazo watalii Serengeti, na akirudi nyumbani husema kwamba zote hizo hazifikii hata gurudumu la ile ya ukutani kwake. Baba hakuchukizwa na mapenzi ya ndege. Alichukizwa na ile mistari, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ilipakwa kwa ajili ya vita. "Nyumba yangu si kambi ya askari," alisema. "Je, yafaa mtoto wa Kiislamu akue na mapenzi ya chombo cha kuulia watu?"

(Ama suala la picha zenyewe, halikuwa neno kati yetu: eropleni haina roho, na baba mwenyewe hakulitaja.)

Tulikwenda kuitazama. Tulimkuta na babu wa kijana barazani, mzee aliyepata kusafiri sana siku za ujana wake, naye alipoiona picha imeletwa nje kwenye taa alicheka, akasema, "Huyu namjua. Huyu ni Dakota." Mambo tuyaandikayo hapa ni yale tuliyoyazungumza usiku ule, pamoja na yale tuliyoyapata baadaye, kwa maana tunadhani ziko nyumba nyingine zenye mashindano ya namna hii.

Dakota ni jina walilolitoa Waingereza. Wamarekani, ambao ndio walioiunda, waliiita C-47, na mama yake ni eropleni ya abiria iitwayo DC-3, iliyoruka kwa mara ya kwanza huko California tarehe 17 Desemba, 1935. Basi asili yake si vita. Iliyotangulia kuruka katika ukoo huo ilikusudiwa kuwa na vitanda 14, ili matajiri wavuke nchi ya Marekani usiku wamelala. Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, vitanda havikuwa na kazi tena. Sakafu ikatiwa nguvu, ubavuni pakafunguliwa mlango mpana wa kupitisha shehena, na viwanda vikaanza kuzitoa kama waoka mikate. Za jeshi na za raia pamoja, zilizotoka katika viwanda vya Marekani peke yake zilipita 10,000.

Kwa sura si nzuri sana. Ina magurudumu mawili makubwa mbele na kijigurudumu kimoja mkiani, kwa hiyo ikiwa chini hukaa imeinua pua mbinguni kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo. Babu alitueleza kwamba abiria aliyeingia kwa mlango wa nyuma alipaswa kupanda mlima mdogo ndani ya ndege kabla hajakifikia kiti chake, na kwamba wazee wenye bakora walisaidiwa. Mabawa yake kutoka ncha hata ncha ni futi 95. Injini zake ni mbili, kila moja ina silinda 14 zilizopangwa duara na nguvu za farasi 1,200. Huchukua ratli 6,000 za mizigo, au askari 28 pamoja na silaha zao, na mwendo wake ni kama maili 160 kwa saa, jambo ambalo kijana wa leo aliyezoea habari za jeti atalicheka.

Lakini watu hawakuipenda Dakota kwa mbio zake. Waliipenda kwa sababu ilivumilia. Bawa lake, pale linapoungana na mwili, halikutegemezwa kwa mhimili mmoja, bali kwa mitatu, hata mzigo ukagawanyika kama mzigo wa jeneza unavyogawanyika mabegani mwa wachukuzi. Ilitua penye majani, penye mchanga na penye changarawe. Fundi aliyejua kazi aliweza kuitengeneza chini ya mti. Huko China, mwaka 1941, DC-3 moja ilipigwa bomu na Wajapani, ikapoteza bawa la kulia. Bawa la aina yake halikupatikana. Mafundi wakaleta kutoka Hong Kong bawa la eropleni ya zamani zaidi, DC-2, ambalo ni fupi kwa futi kadhaa, likiwa limefungwa chini ya tumbo la ndege nyingine. Wakalipachika, na ile eropleni yenye mabawa yasiyolingana ikaruka ikarudi salama. Kijana alikuwa anakijua kisa hiki kwa moyo. Baba yake alikuwa hajakisikia, nasi tulimwona akiisogeza taa karibu na picha.

Wenyeji wa Arusha wanayo sababu yao ya kuistahi. Mji wetu umekaa juu, kiasi cha futi 4,600 kutoka usawa wa bahari, na mahali palipo juu hewa ni nyepesi. Jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi huinyima injini pumzi, na hulinyima bawa kitu cha kuegemea, hata ndege iliyoruka upesi pale Dar es Salaam huhitaji kukimbia mbali zaidi huku kabla haijaiacha ardhi. Kisha iko milima. Meru ina futi 14,980, na Kilimanjaro ina futi 19,340. Dakota haikufungiwa hewa ndani kama ndege za leo, kwa hiyo rubani hakuweza kuwapandisha abiria wake juu sana wasije wakakosa pumzi. Alipita kando ya milima kama vile ngamia apitavyo bondeni, akiitazama kwa macho.

Na macho yakikosa? Shirika la East African Airways lilianza kazi tarehe 1 Januari, 1946, chini ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege ndogo za mbao na kitambaa. Baadaye likapata Dakota zilizokwisha maliza kazi ya vita, nazo zikawachukua watu wetu na barua zao hadi miaka ya 1970. Tarehe 18 Mei, 1955, mojawapo ya Dakota hizo ilitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Mei ni mwezi wa mawingu katika nchi hii. Kila mtu wa Arusha ajua jinsi Meru inavyoweza kutoonekana siku nyingi mfululizo wakati wa masika. Eropleni ile iliupiga mteremko wa kusini mashariki wa Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Babu aliikumbuka habari hiyo ilivyozungumzwa madukani. Alisema kwamba kwa muda mrefu baadaye watu waliokwenda uwanjani walitazama mlima kwanza, ndipo wakatazama saa.

Hapo baba alisema kwamba hiyo ndiyo ajali, na ajali ni kadari. Ni kweli, lakini Mtume (s.a.w.) alimwagiza bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu, wala hakumwambia achague moja. Chuma kigumu hakimwokoi rubani asiyeuona mlima.

Tukaja kwenye jambo ambalo baba hakulitazamia. Mwaka 1945 Rais Roosevelt wa Marekani alimzawadia Mfalme Abdulaziz wa Saudi Arabia eropleni moja ya ukoo huu, na kwa zawadi hiyo likaanza shirika la ndege la nchi ile. Miongoni mwa safari za mwanzo za shirika hilo ilikuwamo ya kuwachukua mahujaji kutoka Lydda, Palestina, hadi Jeddah. Fikiri, msomaji: chombo kilichoundwa kwa kubebea baruti na askari wa miavuli, na ndani yake wamekaa watu wa ihramu wakileta talbiya.

Kisa cha mwaka 1952 ni kikubwa zaidi, ingawa aliyehusika si Dakota bali ni ndugu yake mkubwa, Skymaster wa injini nne, aliyetoka katika kampuni ile ile ya Douglas. Mwezi wa Agosti mwaka ule maelfu ya mahujaji walikwama Beirut. Walikuwa na tikiti, lakini ndege za kuwachukua hazikutosha, na siku ya Arafa ilibaki chini ya juma moja. Katika wao wamo wazee waliokusanya nauli umri mzima. Serikali ya Lebanon ikaomba msaada, na jeshi la anga la Marekani likaleta ndege zake za mizigo, zikaenda na kurudi kati ya Beirut na Jeddah mchana na usiku. Mahujaji 3,763 wakafika. Hatuna haja ya kudhani kwamba serikali iliyotuma ndege zile haikuwa na siasa yake ndani. Mataifa makubwa hayatoi bure. Lakini mzee aliyesimama Arafa mwaka ule alisimama, na haji yake ni yake.

"Basi waliacha vita," alisema baba, kama anayetafuta pa kutulia.

Hatukuweza kumwambia hivyo, maana si kweli. Dakota zilizokuwa kuukuu, huko Vietnam, zilitiwa bunduki tatu za mfululizo ubavuni kuanzia miaka ya kati ya 1960, zikazunguka usiku juu ya vijiji na misitu zikimwaga risasi. Chombo kile kile, mabawa yale yale. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hadidi amekitaja chuma kwamba ndani yake mna nguvu kali na mna manufaa kwa watu, ameyataja yote mawili pamoja. Nasi hatuoni sababu ya kumfundisha mtoto nusu yake tu, iwe nusu ya baba au nusu ya mwana.

Ama ile mistari, kijana mwenyewe ndiye aliyeieleza, tena kwa adabu, baada ya kupewa ruhusa na babu yake. Mwaka 1943, katika kisiwa cha Sicily, ndege za mizigo zilizowabeba askari wa miavuli zilipigwa na mizinga ya wenzao wenyewe, waliozidhania kuwa za adui, na watu wengi wakaangamia bure. Kwa hiyo kabla ya kuvuka kwenda Normandy, Juni 1944, walipaka mistari mipana myeupe na myeusi ili ndugu asimpige ndugu. Baba alinyamaza. Alikuwa ameichukia mistari ile kuliko kitu kingine chochote katika picha.

Kijana aliuliza kama sisi Watanzania tumewahi kuwa na eropleni ya namna hii katika jeshi letu. Tumekuwa nazo za ukoo wa kazi hiyo. Mwaka 1965, baada ya walimu wa Ujerumani ya Magharibi kuondoka kwa ugomvi wa kisiasa, Kanada ilichukua kazi ya kuwafundisha vijana wa jeshi la Tanzania urushaji wa ndege, na kwa njia hiyo zikaja Otter na Caribou. Caribou ina mlango mpana chini ya mkia, wa kutosha gari kuingia, na yaweza kuruka katika kiwanja kifupi ambacho nyingine zingekiona kuwa ni shamba. Injini zake ni za aina moja na zile za Skymaster aliyewapeleka mahujaji Jeddah. Vijana waliofundishwa wakati ule kufungua injini hizo na kuzifunga tena walikuwa watoto wa nyumba kama hii ya Ngarenaro, na kazi yao ilihitaji hesabu, lugha na mikono isiyoogopa mafuta. Kijana aliuliza hesabu gani hasa. Tulimtajia. Alikunja uso, kwa kuwa, kama mama yake alivyosema kutoka ndani, hesabu si rafiki yake.

Saa ilikuwa imekwenda. Baba akamgeukia mwanawe, akamwuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu, si ya mtu anayekemea: "Umesema ilikwenda na askari 28. Iliporudi ilirudi na nini?"

"Majeruhi," alijibu kijana. "Machela 18, zimefungwa ukutani kwa tabaka, na muuguzi mmoja."

Baba aliitazama picha tena kwa muda. Kisha akasema kwamba ibaki, ila isikae kwenye ukuta wa upande wa kibla, ambapo nyumba nzima huielekea katika sala. Iwekwe upande wa pili, juu ya meza ya vitabu. Tulipokuwa tunavaa viatu, kijana alikuwa amekwisha panda juu ya kiti anang'oa misumari, na babu yake ameishika ile picha kwa chini isije ikachanika.