Mafundi wa Chini ya Miembe Wapatiwe Mahali pa Kazi

Wazee wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, lakini maneno hayo yanazifaa vilevile gari zinazopita katika barabara zetu. Kila asubuhi mwananchi wa Makunduchi, wa Nungwi, wa Wete au wa Mkoani hupanda gari, akafika mjini, akafanya shughuli zake na kurejea kwake salama. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyekesha jana yake, amelala chali juu ya kipande cha boksi chini ya gari hiyo, mchanga mgongoni na oili usoni, ili breki zishike na injini iitike. Mtu huyo ni fundi. Na mara nyingi karakana yake si nyumba wala banda, bali ni kivuli cha mwembe.

Leo tunapenda kuwazungumzia mafundi hawa, kwa sababu mambo yao yanatajwa zaidi katika malalamiko kuliko katika mipango. Wakazi wa mitaa hulalamika kwamba mafundi wanaziba njia na kumwaga oili. Watendaji nao huwataka waondoke. Mafundi huondoka, wakahamia mwembe wa pili, na baada ya muda si mrefu malalamiko huanza upya. Mwendo huu hauna mwisho wala haumnufaishi mtu. Hapana budi tulitazame jambo lenyewe tangu shina lake.

Ufundi wa mashine si jambo geni katika visiwa vyetu. Reli ya kutoka Mjini hadi Bububu ilianza kazi mwaka 1905, na Ngome Kongwe ikapata kutumiwa kuwa bohari ya reli hiyo. Maana yake ni kuwa hata wakoloni, ambao hawakuja hapa kwa ajili ya maslahi yetu, walielewa kwamba mashine haiishi bila ya nyumba. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipopita katika dhiki kubwa, mafuta yakiwa yamepanda bei duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vimekula akiba, na bei ya karafuu ikaanguka, fedha za kigeni zikawa haba na spea zikawa adimu kama maziwa ya kuku. Gari hazikusimama zote. Walikuwapo mafundi waliokata gasketi kwa makaratasi magumu, waliochonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu, na maseremala walioyavalisha malori bodi za mbao yakapata kuchukua abiria. Kujitegemea, kulikotiliwa mkazo katika Azimio la Arusha la 1967, watu hawa walikutenda kwa spana na nyundo.

Hali ya leo ni nyengine. Spea zinapatikana kwa mwenye fedha, na gari zimekuwa nyingi. Lakini gari hizo nyingi zinatufikia zikiwa zimekwisha kutumika, na zilizo nyingi zinatoka Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo usukani wao unatufaa. Tena sheria yao inaitaka gari ndogo ya mtu binafsi ikaguliwe baada ya miaka 3 tangu ilipokuwa mpya, na kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wenye gari wengi huona ni nafuu kuiuza kuliko kuikagua tena. Sisi huipokea. Katika sehemu za Japani zenye baridi kali humwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji ili barafu iyayuke, na gari iliyotumika huko huweza kuja na kutu tumboni mwake kabla haijaonja upepo wa bahari yetu. Ikifika hapa, chumvi yetu huendeleza kazi iliyoanzwa na chumvi ya huko. Kwa hiyo gari kuukuu kwetu si jambo la aibu wala la kupita. Ndizo gari tulizonazo, na zitaendelea kuhitaji mikono ya mafundi.

Sasa tujiulize: kazi ya namna hii yafaa kufanywa uwanjani? Mafundi wenyewe watasema kuwa haifai. Injini ikishafunuliwa silinda hedi, tone la mvua likiingia ndani huleta kutu kwenye kuta za silinda kwa muda mfupi sana. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji huchemka upesi breki zinapopata moto, na dereva akikanyaga huona pedeli inazama bila ya gari kushika. Wakati wa kaskazi ni vumbi: chembe ya mchanga ikiingia kwenye beringi au kwenye ringi za pistoni hukwaruza chuma mpaka injini ikaanza kula oili. Fundi hodari aliyefanya kila kitu kwa ustadi huonekana mbovu, kumbe mkosa ni mahali alipofanyia kazi.

Masika yakiingia, mambo huwa mazito zaidi. Kuanzia mwezi wa Machi hadi wa Mei fundi wa chini ya mwembe hupoteza siku baada ya siku. Gari iliyoshushwa injini hufunikwa turubali, na mwenyewe huja kila jioni kuuliza itakuwa tayari lini, kwa kuwa gari ikilala na chakula cha watoto hulala. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Fundi anayesukumwa huku na mvua na huku na mwenye gari hufunga nati upesi, huacha kuitazama mara ya pili, akaikabidhi gari. Kesho yake gari hiyo imebeba wanafunzi wa skuli, akina mama wanaokwenda hospitali na wazee wanaotoka sokoni. Kwa hiyo jambo la karakana si la mafundi peke yao. Ni la roho za watu.

Roho ya fundi mwenyewe nayo ina haki yake. Jeki iliyosimamishwa juu ya mchanga huzama upande mmoja gari ikashuka. Mawe ya matumbawe ambayo wengi huyatumia kuegemezea gari huonekana magumu, lakini huweza kupasuka ghafla chini ya uzito. Injini hufungwa mnyororo kwenye tawi, na hakuna anayejua tawi la mwembe linastahimili uzito gani mpaka siku lilipokatika. Vijana wanaojifunza kazi huingia chini ya gari kwa kumtegemea Mungu na jeki moja. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu, lakini tulifunzwa tangu chuoni kuwa mja hutangulia kufunga ngamia wake, kisha ndipo akategemea.

Lipo na jambo la tatu, nalo linamgusa hata asiyepanda gari. Maji tunayokunywa Unguja na Pemba kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, katika chemchem na visima. Sehemu kubwa ya ardhi yetu, khasa upande wa mashariki, ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu hushuka chini kwa haraka. Oili iliyotoka kwenye injini si oili tu. Imechanganyika na vumbi la vyuma vilivyosagika na masizi yenye kudhuru afya ya binadamu. Betri kuukuu ina tindikali na madini ya risasi, na risasi inajulikana kuwa hudhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Fundi asiye na pipa wala sakafu humwaga pale aliposimama, na mvua ya masika huchukua iliyobaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 ipo, na ni sheria njema. Lakini sheria humkataza mtu kumwaga, haimpi mahali pa kuweka. Kumkataza bila ya kumwonesha pengine ni sawa na kumwambia asivute pumzi.

Hatusemi kuwa wakazi wanaolalamika hawana haki. Wana haki kamili. Mtu aliyejenga nyumba yake kwa jasho hapaswi kuamshwa na nyundo za bodi alfajiri, wala mtoto wake hapaswi kuchezea matope ya oili. Wala hatusemi kuwa watendaji wanaowaondoa mafundi barabarani wanafanya uovu. Barabara ni ya wote. Tunachosema ni kuwa amri ya kuondoka ni nusu ya uongozi. Nusu ya pili ni kujibu suali moja: waende wapi?

Jibu lake halihitaji fedha za kutisha. Fundi hahitaji jumba la vioo. Anahitaji sakafu ya saruji iliyoinamishwa kidogo ili maji machafu yaelekee mahali pamoja, na mwishoni mwake shimo lenye vyumba viwili: oili, kwa kuwa ni nyepesi, huelea katika chumba cha kwanza, na maji hupita kwa chini kwenda cha pili. Anahitaji paa la mabati lililo wazi pembeni ili upepo upite, boriti ya chuma ya kunyanyulia injini, na shimo la kusimama chini ya gari, lenye ngazi na lisilowashwa moto wala kuachwa bila ya hewa, kwani mvuke wa petroli ni mzito na hutuama chini. Anahitaji umeme wa kuchomelea na wa kompresa, maji, choo, mapipa ya oili chafu, na chumba chenye kufuli. Chumba hicho kisidharauliwe. Fundi anayelazimika kurudi nyumbani kila jioni na vyombo vyake begani hawezi kamwe kuwa na mashine kubwa, na asiye na mashine kubwa hubakia pale pale alipoanzia.

Kwa hivyo tunayaomba mabaraza ya manispaa na halmashauri za wilaya, Unguja na Pemba, yatenge viwanja vya namna hii karibu na njia kuu lakini mbali na visima na skuli. Viwanja viwe vya kukodishwa kwa siku au kwa mwezi, kwa bei ambayo fundi wa kawaida ataimudu. Masheha wanawajua mafundi wa shehia zao mmoja mmoja. Orodha ianzie kwao, ili viwanja visije vikachukuliwa na wenye uwezo ambao hawajapata kushika spana. Vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, navyo vifikiriwe. Kijana aliyejifunza miaka kumi chini ya mwembe ana elimu mkononi ila hana karatasi. Apimwe, afundishwe alichokosa, khasa mifumo ya umeme na kompyuta za gari za leo, kisha apewe cheti chake. Na wasichana wanaotaka kazi hii wasirudishwe mlangoni. Mahali palipo na ukuta, choo na taratibu ndipo mzazi atakapomruhusu binti yake kujifunza.

Mafundi nao wana sehemu yao, na hatutaficha kuisema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakipewa mahali, waungane katika vyama vya ushirika, wachague viongozi waaminifu, na wajiwekee masharti: hapana kulala chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee bila ya magogo imara, hapana kumwaga oili, hapana kufunga breki za kubahatisha kwa sababu mteja ana haraka. Anayevunja masharti aonywe na wenzake kabla ya kuonywa na Serikali. Hata kabla ya viwanja kupatikana, dumu la oili chafu, ubao mpana chini ya jeki na sabuni ya kunawia badala ya petroli ni mambo yanayowezekana leo hii.

Na wenye gari tukumbuke kuwa mvua haina mwenyewe. Anayemharakisha fundi aifunge gari kabla ya wakati ananunua ajali kwa fedha yake. Anayemcheleweshea ujira anamfanya ashindwe kununua chombo ambacho kingemfaa mteja yule yule safari ijayo.

Chama na Serikali vimejengwa kwa ahadi ya kumtazama mvuja jasho. Mvuja jasho huyu hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta; yuko kando ya barabara tunayopita kila siku, na gari anayoitengeneza huenda ni yetu. Vuli itakuja na masika yatakuja, kama ilivyo kawaida ya Mola. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba fundi hayapokei kwa turubali na dua peke yake. Mwembe tuuachie embe.