Njia za Nyumbu wa Tarangire

Watu wengi hudhani kwamba wanyama wa porini wakisha kuwekewa mpaka wa hifadhi, basi wamekwisha kulindwa. Leo twapenda kueleza kwa nini sivyo, na mfano wetu ni nyumbu na punda milia wa Tarangire, kaskazini mwa Tanzania.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire iliwekwa mwaka 1970, na ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 2,850. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika humo kwa ajili ya maji ya mto. Lakini mvua zinyeshapo nyumbu na punda milia huondoka: wengine huelekea kaskazini upande wa Ziwa Natron, na wengine mashariki mpaka nyanda za Simanjiro, na huko ndiko nyumbu wazaliapo.

Huenda mtu akauliza: Mbona waiache hifadhi ambamo hawawindwi? Sababu ni majani. Majani mafupi ya Simanjiro yana madini mengi, hasa fosforasi, ambayo mama anyonyeshaye huyahitaji ili maziwa yatoke na mifupa ya mtoto iwe imara. Majani ya hifadhini wakati wa mvua hayana madini hayo ya kutosha. Tena penye majani mafupi simba huonekana tangu mbali. Basi safari ya nyumbu si ya bure; afuata chakula cha mtoto wake.

Sasa njia zake nyingi zimezibwa, wala hakuna mtu aliyekusudia kuziziba. Huyu amelima shamba dogo, yule amejenga nyumba kando ya barabara, na haba na haba hujaza kibaba. Njia ya Kwakuchinja, iliyo baina ya Tarangire na Ziwa Manyara, yakatwa na barabara kuu, na mashamba yameisonga. Njia ikizibwa, hifadhi hugeuka kisiwa, na wanyama hupungua hata pasipo mwindaji. Nyumbu wa Tarangire wamepungua sana tangu miaka ya 1980.

Lakini haki yataka tuutazame na upande wa wenyeji. Ndama wa nyumbu huwa na ugonjwa usiomdhuru yeye, bali ng'ombe akiupata hufa. Kwa hiyo Wamaasai huwahamisha ng'ombe wao wakati nyumbu wazaapo, wakaacha malisho mazuri. Naye mkulima aweza kupoteza mahindi yake kwa tembo usiku mmoja. Kumwambia mtu huyo awatunze wanyama pasipo kumpa faida yo yote ni kumtwika mzigo bila ujira.

Kijiji cha Terrat, katika Simanjiro, kilipatana na makampuni ya utalii: kijiji hulipwa fedha killa mwaka, nacho huacha sehemu ya uwanda wake bila kulimwa, na ng'ombe huendelea kulishwa humo. Huko Burunge, karibu na Kwakuchinja, vijiji kadha wa kadha vimeungana kutenga ardhi kwa ajili ya wanyama na kupata sehemu ya mapato ya utalii.

Basi, wazee na walimu, yawapasa mambo matatu kijiji kinapopanga ardhi yake. Kwanza, waulizeni wachungaji wanyama hupita wapi, mkaichore njia hiyo kabla ya kugawa mashamba. Pili, yatunzeni malisho ya wote, maana apitapo ng'ombe nyumbu naye hupita. Tatu, hesabu ya fedha za wanyama isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, ili killa nyumba ijue iliyopata.

Shamba likisha kulimwa na nyumba ikisha kujengwa, kumwondoa mwenyewe ni vigumu, na ni haki yake kulipwa. Njia huachwa mapema. Ikichelewa, haipatikani tena.